Tukiitwa Tena na Aliyetuachisha Kazi

Kati ya maswali ambayo washarika hutuletea ofisini baada ya ibada, lipo moja ambalo tumelisikia mara nyingi katika miaka ya karibuni huku kwetu Arusha na Kilimanjaro. Mtu alipunguzwa kazini. Alikaa nyumbani mwaka mmoja, miwili, wengine mitatu. Akahangaika, akapata shughuli ya kushikilia maisha. Ndipo simu ikaita. Ni mwajiri yule yule, anasema kazi imerudi, je, uko tayari? Mtu huyo haji kwetu kuuliza habari za mshahara, maana hayo anayajua kuliko sisi. Anauliza hivi: "Mchungaji, nikikataa, nitakuwa sijasamehe? Na nikikubali, nitakuwa kama wana wa Israeli waliotamani kurudi Misri?"

Tunakumbuka hali ilivyokuwa. Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alithibitishwa hapa Arusha, na baada ya wiki chache ndege za nje zikasimama. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 walikuwa kama laki 6 tu. Nyuma ya hesabu hiyo walikuwapo madereva wa watalii, wapishi wa kambi, wapagazi wa mlimani, wahudumu wa vyumba, walinzi, wafua nguo na wakulima wa mboga waliouzia hoteli. Wengi wao ni washarika wetu. Baadaye wageni walirudi, na mwaka 2023 walipita milioni 1.8. Kwa hiyo simu zikaanza kuita.

Katika insha hii tunataka kusema jambo moja na kulifuata mpaka mwisho: kusamehe tumeamriwa, kurudi hatukuamriwa. Mambo haya mawili yakichanganywa, mtu mwaminifu huumizwa mara mbili. Wako waliorudi mahali pasipofaa kwa sababu waliambiwa kwamba Mkristo hana kinyongo. Na wako waliokataa mkate halali wa watoto wao kwa sababu waliambiwa kwamba mtu wa imani harudi nyuma.

Msiba na dhambi

Kwanza tujiulize ni nini hasa kilichotokea siku ile tulipoachishwa kazi. Mwenye hoteli aliyekosa wageni hakutenda dhambi kwa kukosa wageni. Naye alikuwa na mkopo benki, naye alikuwa halali usiku. Kama aliwaita wafanyakazi wake, akawaonyesha hesabu, akawasikiliza, akawalipa alichoweza na kuwaaga kwa heshima, basi lililotokea lilikuwa msiba. Uliwapata wote, ingawa haukuwaumiza wote sawasawa. Msiba hausamehewi, msiba huombolezwa. Mtu anayejitesa akisema, "Mbona nashindwa kumsamehe bosi wangu?" huenda hana cha kumsamehe. Ana huzuni ambayo hajapata nafasi ya kuilia.

Lakini haikuwa hivyo kila mahali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao au na chama chao kabla ya kuamua. Inamtaka pia amlipe aliyemtumikia mwaka mzima au zaidi kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Wapo walioachishwa kwa ujumbe wa simu. Wapo waliofika getini asubuhi wakakuta mlinzi ana orodha, na jina lao halimo. Wapo waliokatwa michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii kila mwezi, kisha wakagundua kwamba haikupelekwa. Hayo tusiyaite msiba. Korona haikumlazimisha mtu kula michango ya mfanyakazi wake. Neno la Mungu lina jina la jambo hilo tangu Walawi 19, ambako ujira wa kibarua haupaswi kulala kwa mwajiri hata usiku mmoja, mpaka Yakobo 5, ambako ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kelele zake zinafika masikioni mwa Bwana.

Tukiita dhambi msiba, tunamnyima aliyekosa nafasi ya kutubu na aliyekosewa nafasi ya kusamehe. Tukiita msiba dhambi, tunamsingizia jirani yetu. Ndiyo maana kabla ya kuuliza kama turudi, ni lazima tujue ni lipi kati ya haya mawili lilitupata.

Hajiri aliondoka mara mbili

Wanaosema kwamba Mkristo lazima arudi hupenda kutaja sura ya 16 ya kitabu cha Mwanzo. Hajiri, mjakazi wa Sarai, aliteswa na bibi yake akakimbilia jangwani. Malaika wa Bwana akamkuta penye chemchemi ya maji, akamwambia arudi kwa bibi yake. Andiko hili ni gumu, na limetumiwa vibaya kuwarudisha watu kwenye mateso, hasa wasichana wa kazi za nyumbani na wake wanaopigwa.

Lakini tusome mpaka sura ya 21. Humo Hajiri anaondoka mara ya pili, na safari hii hakukimbia, aliondolewa. Ibrahimu aliamka asubuhi, akampa mkate na kiriba cha maji, akamruhusu aende zake pamoja na mtoto. Kiinua mgongo cha miaka yote ile kilikuwa mkate na kiriba cha maji. Maji yakaisha, akamlaza mtoto chini ya kijiti, akaketi mbali ili asimwone akifa. Mungu akasikia sauti ya kijana. Je, alimwambia Hajiri arudi? La. Alimfumbua macho akaona kisima, naye akabaki jangwani, mtoto akakua na kuwa mpiga upinde.

Mwanamke ni yule yule, nyumba aliyotoka ni ile ile, na Mungu ni yule yule. Majibu ni mawili. Mara ya kwanza alikuwa mjamzito, peke yake njiani, na jibu likawa kurudi. Mara ya pili jibu likawa kisima mahali pengine. Asiwepo mtu, basi, wa kuchukua jibu moja na kulifanya sheria ya wote. Wala tusipite haraka jambo lililo sawa katika safari zote mbili: Mungu alimwita Hajiri kwa jina lake. Katika masimulizi hayo Sarai na Abramu wanamtaja kama mjakazi tu. Wa kwanza kutamka jina lake ni malaika. Kabla ya kuambiwa arudi au asirudi, Hajiri aliitwa jina.

Habari ya Yakobo na Esau inathibitisha hayo kwa upande mwingine. Katika Mwanzo 33 ndugu hawa walikumbatiana wakalia, baada ya miaka mingi ya uadui. Hata hivyo Esau alikwenda Seiri na Yakobo akaenda Sukothi. Hawakuhamia boma moja. Upatanisho wao ulikuwa wa kweli, na kila mmoja alibaki na mji wake. Vivyo hivyo mtu anaweza kumsamehe mwajiri wake wa zamani kwa moyo wote, akamsalimia sokoni, akamwombea, akahudhuria msiba wake, na bado akasema, "Asante, lakini kwa sasa sitarudi." Hajavunja amri yoyote.

Je, habari ya Misri nayo? Waliotaka kurudi Misri katika Hesabu 14 walitaka kurudi utumwani, kwa Farao ambaye mtangulizi wake aliamuru watoto wao wa kiume watupwe mtoni. Jiko la hoteli si Misri. Gari la watalii si Misri. Anayerudi kwenye kazi halali yenye ujira halali hajamkataa Mungu aliyemtoa. Lakini kusema kweli, mahali pengine panafanana na Misri. Pale ambapo binti aliambiwa kwamba nafasi yake itategemea kukubali kulala na msimamizi, pale ambapo mtu alilazimishwa kughushi risiti ili aendelee kuwamo, huko ni Misri, na hatuna ruhusa ya kumrudisha mtu huko kwa jina la msamaha.

Mkate, wito na jirani

Sasa tumeona kwamba tuko huru. Uhuru huo tuutumieje? Sisi Walutheri tuna urithi mzuri katika jambo hili. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther alipoeleza ombi la mkate wa kila siku, hakuishia kwenye chakula. Alihesabu humo mavazi, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mwenzi wa ndoa na watoto, serikali njema, na majirani waaminifu. Kwa hiyo mama anayerudi kazini kwa sababu ya ada ya shule anafuata ombi analoliomba kila Jumapili. Tusimwonee haya, wala tusimwambie kwamba anafuata fedha tu. Fedha ya ada ni mkate.

Luther alitufundisha pia kwamba wito haukai kwa mchungaji peke yake. Mpishi ana wito, dereva ana wito, mfua nguo ana wito, kwa kuwa kupitia mikono yao Mungu anamhudumia jirani. Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu waajiri wengine wameshika neno hili na kulisemea mambo yao. Husema, "Hii kazi ni wito, njoo, mshahara tutaongea baadaye." Anayetuita ni Mungu, na anatuita kwa jirani. Kampuni ni mahali pamoja tu ambapo wito huo unaweza kufanyika. Ilipotuachisha, haikuchukua wito wetu, na ikituita tena, haituletei wito upya.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: ni jirani gani wananisubiri, na wapi? Tuchukue mfano wa mama aliyekuwa mpishi wa hoteli. Alipopunguzwa alianza na sufuria mbili karibu na stendi, akawa mama lishe. Leo ana mabinti wawili anaowalipa kila jioni, ana mafundi wanaokula kwake kwa mkopo mpaka siku ya malipo, ni mweka hazina wa kikundi chake cha vikoba, na Alhamisi yupo kwenye jumuiya, jambo ambalo zamu za hoteli hazikumruhusu. Akirudi hotelini atapata mshahara wa uhakika zaidi na bima ya afya kwa mtoto mwenye pumu. Pande zote mbili kuna jirani. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini mtoto asiyepumua vizuri naye hasubiri methali. Uamuzi wake ni kupima upendo na upendo, na ndiyo maana ni mgumu, na ndiyo maana hatuwezi kumwamulia.

Jirani mwingine husahauliwa kabisa. Je, nafasi ninayorudishiwa imekaliwa na nani sasa? Mara nyingine mtu anaitwa tena ili kijana aliyeingia kwa ujira mdogo atolewe. Mara nyingine kati ya watu kumi walioachishwa pamoja anaitwa mmoja, yule asiyeuliza sana. Hatusemi kwamba akatae kwa sababu hiyo. Tunasema aulize, na akiweza kuwasemea wengine aseme, maana amri ya saba, kama tunavyoihesabu, inatutaka pia tumsaidie jirani kutunza riziki yake.

Barua isiyoweza kutuhesabia haki

Tumefika kwenye kiini. Kuachishwa kazi hakuchukui mshahara peke yake. Katika mazingira yetu mtu hujulikana kwa kazi yake: baba fulani wa kampuni fulani. Sare ikivuliwa, hata salamu hubadilika. Kwenye harusi anasogezwa viti vya nyuma, kwenye kikao cha ukoo anaulizwa mwisho. Wengi waliumia zaidi kwa hayo kuliko kwa njaa. Kwa hiyo simu ya kurudi ikiita, moyo husikia neno kubwa kuliko lililosemwa. Mwajiri anasema, "Tuna nafasi ya dereva." Moyo unasikia, "Kumbe nilikuwa wa thamani."

Hapo ndipo hatari ilipo, na iko pande zote. Mmoja anarudi mbio, bila kusoma mkataba, kwa sababu anataka aonekane tena amevaa sare. Mwingine anakataa, ingawa nyumbani hakuna unga, kwa sababu anataka mwajiri naye aonje kukataliwa. Wote wawili wamemweka mwajiri kwenye kiti cha hukumu: wa kwanza anangoja asemwe kuwa ana haki, wa pili anataka kushinda rufaa. Katika Katekisimu Kubwa Luther alieleza amri ya kwanza kwa kusema kwamba kile ambacho moyo unakitegemea na kukiegemea ndicho mungu wetu. Kampuni ya utalii inaweza kuwa mungu wa mtu aliye ndani yake, na inaweza kuwa mungu wa mtu aliye nje akiichukia.

Sisi tulihesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, kwa ajili ya Kristo. Tulipobatizwa tuliitwa kwa jina, kabla hatujafanya kazi hata saa moja. Barua ya kuachishwa haikuweza kulifuta jina hilo, na barua ya kurudishwa haiwezi kuliongeza herufi. Mafundisho haya tuliyakariri kipaimara. Mahali pake pa kutumika ni hapa, mtu anapoishika simu na mkono unatetemeka. Aliyekwisha kukubaliwa anaweza kuitazama ajira jinsi ilivyo: kazi, saa, mshahara, watu. Anaweza kusema ndiyo bila kujidhalilisha, au hapana bila kulipiza.

Kabla ya kujibu

Kutokana na hayo yanatoka mambo machache ya kutenda. Tusijibu siku ile ile. Tukae na mwenzi wetu na watoto walio wakubwa, maana nao walikula matokeo ya uamuzi wa kwanza. Tumwendee mzee wa kanisa au mtu mwenye hekima asiyefaidika na jibu lolote. Tuombe mkataba wa maandishi, tuusome, tuulize kama miaka yetu ya zamani inahesabiwa.

Na kama kuna malimbikizo, tuyataje. Wengi huona haya, wakidhani kudai ni kutosamehe. Zakayo alipompokea Bwana hakusema tu kwamba amejuta. Katika Luka 19 aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Aliyedhulumiwa anaweza kuliachilia deni lake, ni hiari yake, lakini hakuna mwenye haki ya kumdai aliachilie, hasa kama fedha hiyo ni ya watoto. Kwa njia ya kawaida, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na wengi walipitwa na muda huo kwa kutokujua. Muda wa sheria ukipita, kweli haipitwi. Mtu anaweza kusema kwa upole, "Nashukuru kwa kuniita. Kabla hatujaendelea, naomba tuzungumze juu ya miezi mitatu ile." Jibu atakalopewa litamwonyesha mengi kuhusu mahali anapoitwa.

Madhabahu moja

Mtu atatuuliza: haya yote si ya mwenye nafasi ya kuchagua? Mwenye njaa atauliza habari za mkataba? Swali ni la haki. Anayerudi bila sharti lolote kwa sababu watoto hawajala hajatenda dhambi, na asihukumiwe na yeyote aliyeshiba. Lakini hapo swali linatugeukia sisi tulio usharika. Kama ndugu yetu alirudi kwenye kazi inayomdhalilisha kwa sababu hakuwa na unga wa wiki mbili, sisi tulikuwa wapi? Tunachangia harusi, tunachangia jengo. Mfuko wa diakonia unaoweza kumshikilia mtu mwezi mmoja ili ajibu akiwa ametulia ni huduma ya Injili pia.

Tena waajiri nao ni washarika wetu. Jumapili moja, kwenye madhabahu moja, hupiga magoti aliyeandika orodha na ambaye jina lake halikuwamo. Wakolosai 4 inawakumbusha mabwana kwamba nao wana Bwana mbinguni. Ndugu mwajiri, ukitaka kumwita tena mtu uliyemwachisha, usianze na nafasi ya kazi. Anza na siku ile. Kama ulikosa, sema umekosa. Kama kuna unachodaiwa, kilipe hata asiporudi. Bwana wetu katika Mathayo 5 alituagiza tuiache sadaka mbele ya madhabahu, tukapatane kwanza. Hakusema kwamba aliyekosewa atarudi kazini kwetu baada ya hapo.

Ee Bwana, uliyemwona Hajiri jangwani, utuone na sisi tunapopokea simu tusiyoitarajia. Utupe mkate wetu, utupe moyo wa kusamehe, na utuonyeshe kisima kilipo, kiwe tulikotoka au tusikokujua. Wanaokosa usingizi leo kwa ajili ya jibu la kesho, uwape amani yako. Amina.